Mapato ya Mlangoni na Sauti ya Kibandani: Nani Ahesabu Watazamaji wa Tunduma?

1. Utangulizi

Katika mijadala yetu kuhusu filamu nchini Tanzania, imekuwa desturi kupima tasnia yetu kwa mizani ya mapato ya mlangoni. Twakumbushwa kwamba Titanic, filamu ya mwaka 1997, ilikuwa ya kwanza duniani kuvuka mapato ya dola za Marekani bilioni 1. Kwamba Black Panther ya mwaka 2018 ilipita dola bilioni 1.3; na kwamba huko Naijeria filamu ya A Tribe Called Judah, iliyotolewa Desemba 2023, ilikuwa ya kwanza miongoni mwa filamu za nchi hiyo kuingiza zaidi ya naira bilioni 1 katika kumbi za sinema za nyumbani. Baada ya hapo macho hugeuziwa filamu za Kiswahili, ikaonekana kwamba hazina tarakimu, na hitimisho likatolewa kwa haraka: filamu hizo hazina soko.

Makala haya yanakusudia kulipinga hitimisho hilo. Kukosekana kwa tarakimu si ushahidi wa kukosekana kwa watazamaji. Ni ushahidi kwamba mlango wanaouingilia hauna mtu wa kuwahesabu. Aidha, katika mlango huo kinachonunuliwa si picha peke yake. Kinachonunuliwa kwa kiasi kikubwa ni Kiswahili. Kwa sababu hiyo, suala la mapato ya filamu haliwezi kuachiwa wachumi na wanasheria pekee. Ni suala la idara za Kiswahili pia, na kulinyamazia kwetu kunawagharimu watu wawili kwa pamoja: mtengenezaji wa filamu, ambaye halipwi, na msimulizi wa filamu, ambaye kazi yake haitambuliwi kuwa kazi.

Mfano utakaotumika ni mji wa Tunduma, mkoani Songwe. Mji huu umechaguliwa kwa makusudi. Mtu akitaka kuona nguvu ya lugha sokoni, asisimame Kariakoo peke yake. Afuate bidhaa mpaka inapoishia njia.

2. Tunduma kama soko la lugha

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, na makao makuu yake yakawa Vwawa. Tunduma ndio mlango wa mkoa huo na wa nchi kuelekea kusini. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita hapo. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, inavuka mpaka hapo. Na mwaka 2019 kilizinduliwa Kituo cha Pamoja cha Huduma Mpakani kati ya Tunduma na Nakonde. Malori yaletayo shaba kutoka Zambia na Kongo hukutana hapo na malori yapelekayo mafuta na bidhaa kutoka bandari ya Dar es Salaam. Madereva hungoja foleni, wafanyabiashara hungoja mizigo, vijana wa kazi za kutwa hungoja wote wawili. Mahali penye watu wengi wanaongoja ni mahali penye haja ya burudani.

Jambo la pili lahusu lugha. Kwa wakazi wengi wa eneo hili Kiswahili si lugha ya kwanza. Ipo Kinyamwanga, ambayo husemwa pande zote mbili za mpaka. Kuna Kinyiha katika Mbozi, Kindali katika Ileje, na lugha za wageni waliohamia kwa ajili ya biashara, kutoka Unyakyusa mpaka Ubemba. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Kinavuka barabara kwenda Nakonde na kurudi pamoja na magunia ya mahindi. Kwa hiyo, filamu inayosema Kiswahili ina watazamaji Tunduma hata ikiwa imetengenezwa Hong Kong, na filamu isiyosema Kiswahili ina kazi ngumu hata ikiwa imesifiwa dunia nzima.

Watazamaji hao huingilia wapi? Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2021 kuhusu tasnia ya filamu barani Afrika ilionyesha kwamba bara zima lilikuwa na skrini moja ya sinema kwa wastani wa watu wapatao 787,000. Kwa wastani huo duni, Mkoa wa Songwe, ambao kwa sensa ya mwaka 2022 ulikuwa na watu zaidi ya 1,300,000, haungestahili hata skrini mbili. Na skrini za kisasa za Tanzania zimejikusanya katika miji mikubwa, hasa Dar es Salaam. Katika miji ya aina ya Tunduma, atakaye kutazama filamu pamoja na wenzake kwa miaka mingi amekwenda kwenye kibanda cha video, kile ambacho wenyewe wamekipa jina la kibanda umiza kwa sababu ya mabenchi yake, joto lake na msongamano wake. Hulipa mlangoni kiasi kidogo, huketi, na hutazama. Kwa maana halisi ya neno, hayo ni mapato ya mlangoni. Tofauti yake na mapato ya London au Lagos ni kwamba hakuna anayeyaandika.

3. Fedha ilivyopotea njiani

Ili kuelewa uzito wa kutoandika huko, yafaa tukumbuke jinsi biashara ya filamu za Kiswahili ilivyoendeshwa katika miaka yake ya neema, yaani takriban kuanzia mwaka 2003 hadi katikati ya miaka ya 2010. Mtengenezaji alipiga picha kwa fedha zake au za kukopa. Alipomaliza, aliipeleka filamu kwa msambazaji, ambaye mara nyingi aliinunua pamoja na haki zake zote kwa malipo ya mkupuo mmoja. Msambazaji alitoa nakala za kanda, VCD na baadaye DVD, na mara nyingi alizigawa filamu sehemu mbili ili mnunuzi mmoja alipe mara mbili. Mwenye kibanda alinunua nakala moja, akaionyesha kwa watu makumi kadhaa, siku kadhaa. Mwenye duka la kukodisha alifanya vivyo hivyo.

Katika mlolongo huo, mtengenezaji hakuwa na njia yoyote ya kujua filamu yake ilitazamwa na watu wangapi. Asiyejua idadi hawezi kupatana bei. Alipokwenda kwa msambazaji na filamu ya pili, hakuwa na hoja ila sifa yake, na sifa haikaguliwi kwa hesabu. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, maelfu kwa maelfu ya watu walijitokeza kumzika, na msiba wake uliliwa mbali nje ya mipaka ya Tanzania, hata mashariki ya Kongo. Umati ule wa mazishi ulikuwa, kwa namna ya kuhuzunisha, mojawapo ya nyakati chache ambazo hadhira ya filamu za Kiswahili ilionekana kwa macho mahali pamoja. Kabla ya hapo ilikuwa imetawanyika vibandani, haijahesabiwa.

Serikali ilijaribu kuziba pengo hilo. Utaratibu wa stempu za kodi kwa bidhaa za filamu na muziki, ulioanza kutumika mwaka 2013, ulikuwa na manufaa yake. Lakini stempu huhesabu sahani, haihesabu watazamaji. Sahani moja yenye stempu halali, ikiingia kibandani Tunduma, yaweza kutazamwa na watu mia bila kumletea mtengenezaji hata senti ya pili. Na sasa ambapo filamu nyingi hupita katika simu, kadi za kumbukumbu na intaneti, sahani yenyewe imekuwa bidhaa ya kutafutwa.

4. Msimulizi hakuanzia kibandani

Sehemu kubwa ya kilichoonyeshwa vibandani haikuwa filamu za Kiswahili kwa asili. Zilikuwa filamu za Hong Kong, za Kihindi, za Kimarekani na za Kinaijeria zilizotiwa sauti ya msimulizi wa Kiswahili, ambaye mitaani huitwa dijei. Sauti hiyo hutafsiri maneno, huyafafanua, huchekesha, hukemea wahusika, huingiza methali na huwapa watu wa mbali tabia za jirani. Miongoni mwa waliojulikana sana nchini ni Lufufu na King Rich. Nchini Kenya kazi kama hiyo imempa umaarufu DJ Afro, na Uganda ina wasimulizi wake kwa Kiganda.

Wapo wanaoitazama sanaa hii kama zao la umaskini na uharamia wa juzi. Historia haiwaungi mkono. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa sinema ya elimu kwa Waafrika uliokuwa na makao Vugiri, katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu na kuzizungusha kwa gari katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Tatizo kubwa lililowakabili waendeshaji wake lilikuwa lugha: picha moja, watazamaji wa lugha nyingi. Kwa hiyo tangu mwanzo sinema ya vijijini katika sehemu zetu ilihitaji maelezo yaliyoongezwa juu ya picha. Magari ya sinema ya serikali yaliyofuata baadaye yaliendeleza haja hiyo hiyo.

Wala jambo hili si la Afrika pekee. Huko Japani, katika enzi ya filamu bubu, wasimulizi walioitwa benshi walisimama kando ya pazia wakasimulia kisa na kuigiza sauti za wahusika. Watu walikwenda sinema kumsikiliza benshi fulani, na majina yao yalitangazwa kama ya waigizaji. Leo hii benshi ni somo la heshima katika vyuo vikuu. Msimulizi wetu, afanyaye kazi ya jamii hiyo hiyo katika lugha ya mamilioni ya watu, bado tunamwacha mlangoni mwa chuo.

Kwa nadharia tuliyonayo, hapana sababu ya kumwacha. M. M. Mulokozi, katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi iliyotoka katika Mulika mwaka 1989, alituelekeza tuutazame utanzu katika muktadha wake: fanani, hadhira, mahali, wakati na namna ya uwasilishaji. Msimulizi wa filamu ana vyote hivyo. Ni fanani aliyepewa kisa na mtu mwingine, kama vile mtambaji wa ngano anavyopewa kisa na mapokeo, na ustadi wake umo katika kukitenda. Matthias Krings, mtafiti wa Kijerumani aliyeichunguza sanaa hii nchini Tanzania, aliipa makala yake anwani yenye sitiari ya wali unaogeuzwa pilau. Sitiari hiyo ni nzuri. Linalosikitisha ni kwamba makala hiyo inayotajwa mara nyingi iliandikwa kwa Kiingereza, kuhusu sanaa ambayo malighafi yake yote ni Kiswahili.

5. Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni la kisheria. Wasemao hivi husema: msimulizi anachukua mali ya mtu bila ruhusa, na kumsifu ni kusifu wizi. Aprili 2017 baadhi ya waigizaji wa filamu za Kiswahili waliandamana Kariakoo wakilalamikia filamu za kigeni zilizouzwa kiholela na kuua soko lao. Kilio chao kilikuwa cha haki. Hata hivyo, kiliacha swali moja bila kuulizwa: kwa nini mtazamaji wa Tunduma, asiyejua Kikorea wala Kihindi, anunue filamu ya Kikorea au ya Kihindi? Kwa maoni yangu jibu lake ni kwamba ilikuwa imekwisha kuwa ya Kiswahili. Mshindani wa msanii wetu hakuwa mgeni peke yake. Alikuwa mgeni aliyepewa ulimi wa kienyeji na fundi ambaye hakuna aliyemwajiri rasmi.

Tena, sheria yenyewe ina upana kuliko inavyodhaniwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuruhusu au kukataa tafsiri. Lakini pia inaitambua tafsiri kuwa kazi yenye kulindwa kwa nafsi yake, bila kuathiri haki ya kazi ya awali. Maana yake ni kwamba dawa ya usimulizi usio na kibali ni kibali. Na kwamba jambo hilo lawezekana lilidhihirika mwaka 2011, pale tamthiliya ya Kichina iitwayo Doudou na Mama Wakwe Zake ilipoingizwa sauti za Kiswahili kihalali na kuonyeshwa na TBC. Baada yake tamthiliya za kigeni zilizotiwa Kiswahili zimekuwa bidhaa ya kawaida ya vituo vya televisheni. Makampuni makubwa, basi, yameshaijua thamani ambayo vibanda vilikuwa vimeigundua zamani. Wenye kubaki nje ya malipo ni wale walioigundua kwanza.

Pingamizi la pili latoka kwetu wenyewe, walimu wa lugha. Husemwa kwamba msimulizi huharibu Kiswahili: huchanganya misimu, hupuuza sarufi, hutukana. Yamo makosa, na matusi mengine hayana utetezi. Lakini tunapima kwa kipimo gani? Hatumkatai malenga kwa sababu lahaja yake si ya kitabu. Na ikiwa ni kuuheshimu Kiswahili, tujiulize pia kuhusu filamu zetu rasmi, ambazo zilisema Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho lakini zikavaa majina ya Kiingereza, kama Dar to Lagos na Red Valentine, kana kwamba lugha iliyowaleta watazamaji iliona haya kuandikwa juu ya jalada. Msimulizi wa kibandani, pamoja na kasoro zake, hakuwa na haya hiyo. Alijua kinachouzwa.

6. Yanayopasa kufanywa

Ukosoaji usio na mapendekezo hauna faida kubwa. Mapendekezo matatu yanatolewa hapa.

La kwanza ni daftari la mlangoni. Tangu Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, uonyeshaji wa filamu kwa umma umewekwa chini ya utaratibu wa vibali. Kila mwenye kibanda apewaye kibali atakiwe kuandika mambo matatu tu: jina la filamu, mara ilizoonyeshwa, na idadi ya walioingia. Hatari ya pendekezo hili inaeleweka. Mwenye kibanda akiona daftari ataona kodi, naye ataandika uongo au ataficha mlango. Kwa hiyo yafaa hesabu itangulie, na itenganishwe kabisa na ushuru kwa muda utakaotangazwa wazi. Mtu hukubali kuhesabiwa akijua kwamba hesabu haitamnyonga.

La pili ni kibali cha usimulizi. Ofisi ya Hakimiliki, wasambazaji na wasimulizi wenyewe wakae pamoja wapange namna rahisi ya kulipia haki ya kusimulia, wakianza na filamu za nchi za Kiafrika, ambazo wenye haki wake wanafikika kuliko wa Hollywood. Msimulizi alipe, lakini naye atambuliwe kuwa mfasiri na msanii, jina lake liandikwe, na sauti yake isinakiliwe bure. Atakayepata faida ya kwanza ni mtengenezaji wa Kiafrika, ambaye filamu yake ikisimuliwa vizuri kwa Kiswahili itakuwa na soko kutoka Nakonde mpaka Bujumbura.

La tatu ni la idara zetu. Kanda za usimulizi wa miaka ya 1990 na 2000 zinaoza, na sahani zinakwaruzika. Zikipotea, tutakuwa tumepoteza kumbukumbu kubwa ya Kiswahili cha mazungumzo, cha utani na cha tafsiri ya papo kwa papo katika kipindi cha mabadiliko makubwa. Zikusanywe, zinukuliwe kwa maandishi, zifundishwe. Mwanafunzi wa uzamili atafutaye mada asione haya kuketi kibandani. Wanafunzi wawili, mmoja wa isimu na mmoja wa fasihi, wakikaa Tunduma mwezi mmoja, wakaandika kila siku nani ameingia, ametazama nini, katika lugha ipi na amecheka wapi, watatupatia kile ambacho tasnia yote inakikosa: tarakimu ya kwanza ya kuaminika ya mapato ya mlangoni kutoka mji wa pembezoni.

7. Hitimisho

Kazi hiyo haina muda mrefu wa kungoja. Simu imekwisha kuingia mahali pa kibanda kwa vijana wengi, na vibanda vingi vinaishi kwa mpira wa miguu kuliko kwa filamu. Mtazamaji anayetazama peke yake kiganjani ni mgumu zaidi kuhesabika kuliko aliyeketi juu ya benchi. Na akihesabiwa, huhesabiwa na kampuni ya mbali ambayo hailazimiki kutuonyesha hesabu yake.

Wakati huo huo filamu zetu bora zinaendelea kupata heshima nje. Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata ikapelekwa kuiwakilisha Tanzania katika tuzo za Oscar, ya kwanza tangu Maangamizi ya mwaka 2001. Heshima hiyo ni ya kujivunia. Lakini filamu ya Kiswahili ikijulikana idadi ya waliyoitazama Toronto na isijulikane idadi ya waliyoitazama Tunduma, tutakuwa tumewaachia wageni waamue ni ipi iliyofaulu. Mwandishi wa makala haya anawaalika wenzake, hasa wale wasiokubaliana na hoja ya kumwita dijei fanani, waulete ushahidi wao ukumbini ili mjadala uendelee.